Saratani inapomkuta mtoto angali anajifunza kusema

Mara nyingi jino ndilo hutangulia kutoa habari. Mtoto wa miaka minne au mitano anasema jino linacheza, na umri wa kung'oka meno bado haujafika. Nyumbani wanadhani ni jino bovu, wananunua vidonge vya maumivu kwenye duka la dawa la mtaani, wanangoja. Hazipiti wiki nyingi, shavu limevimba, meno ya jirani yamelegea, mate yanachuruzika, tonge la bukari (ugali) halipiti. Kusema nako kunaharibika. Midomo isipokutana, sauti za m, b na p hazitoki sawasawa, na hizo ndizo sauti anazowaitia mama na baba.

Hiyo ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayofuata ukanda wa Afrika wenye joto, mvua na malaria ya kudumu, na Kongo imo ndani ya ukanda huo. Jina limetoka kwa Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika habari za watoto waliomjia na taya zilizovimba namna hiyo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakazunguka kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, safari ya kilomita kama 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali nani ameuona ugonjwa huu na nani hajauona. Mwaka 1964 watafiti wa London, Epstein, Achong na Barr, walikuta kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kuutibu, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuponywa saratani kwa dawa peke yake, bila kisu, wamo watoto wa Afrika Mashariki waliotibiwa Burkitt.

Kwa hiyo tunajua kuupima uvimbe, tunajua kuuyeyusha. Tusichokizoea ni kuuliza mtoto alikuwa na maneno mangapi alipoingia wodini, na ametoka na mangapi. Faili ina nafasi ya uzito, ya joto la mwili, ya chembe za damu. Nafasi ya masikio na maneno ni nadra kuiona. Lakini mtoto akipona, maneno hayo ndiyo atakayoyatumia shuleni, sokoni na nyumbani kwake miaka yote iliyobaki.

Umri mmoja, mambo mawili

Mtoto mwenye afya hutamka neno lake la kwanza akikaribia mwaka mmoja. Akifika miwili anaunganisha maneno mawili. Akifika mitatu anabishana na watu wazima. Akifika mitano, sehemu kubwa ya sarufi ya lugha ya nyumbani ameshaishika, na hakuna mwalimu aliyemfundisha. Kamil Ud Deen, mwanaisimu aliyewachunguza watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili na kuchapisha kitabu chake mwaka 2005, alionyesha kwamba mwanzoni watoto hao huviacha mara nyingi viambishi vya mtenda na vya wakati. Baadaye viambishi vinaingia polepole, mpaka "nataka", "nilitaka" na "sitaki" vinakaa kila kimoja mahali pake.

Saratani kubwa za utotoni zinapenda miaka hiyohiyo. Retinoblastoma, saratani ya jicho, karibu yote huwapata watoto walio chini ya miaka mitano. Uvimbe wa Wilms, unaoota kwenye figo, hushika zaidi walio na miaka mitatu au minne. Saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto hufikia kilele kati ya miaka miwili na mitano, na matibabu yake huchukua miaka miwili au zaidi. Kwa mtu mzima miaka miwili ni kipindi. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni theluthi mbili ya maisha yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 wanapona. Katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati, hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa dunia wenye lengo la kufikisha uponaji wa asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo likikaribiwa hata nusu, Kongo itakuwa na kizazi ambacho haijawahi kuwa nacho: maelfu ya watoto waliopona saratani, wanaosoma, wanaosema au wanaoshindwa kusema. Maandalizi ya kizazi hicho hayangoji 2030.

Lugha iliyokulia lupangoni

Watu wa Kolwezi, mkoani Lualaba nchini Kongo, hawahitaji kuambiwa kwamba watoto wana nguvu juu ya lugha. Mji wao umesimama juu ya ushahidi. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, mwanzoni ilileta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1920 ikabadili mwendo: wafanyakazi wakae na wake zao na watoto wao katika kambi za mgodi. Walitoka Kasai, walitoka kwa Waluba wa kaskazini mwa Katanga, walitoka Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini. Wazazi walikutana kwa Kiswahili cha kazini, cha kuamrishana na kuelewana. Watoto waliozaliwa kambini ndio waliokifanya lugha ya kuchezea, ya kutukania, ya kubembelezea, lugha kamili yenye kanuni zake, ile ya "batoto" na "bantu" ambayo wanaisimu kama Edgar Polomé na Johannes Fabian waliifuata Katanga kuiandika.

Leo mtoto wa Kolwezi anaweza kumsikia kambo wake, yaani babu au bibi, akisema Kichokwe, Kilunda, Kisanga au Kiluba, akacheza kwa Kiswahili, akafokewa na mwalimu kwa Kifaransa. Hilo halina madhara. Lugha mbili au tatu hazimcheleweshi mtoto kusema, wala hakuna sababu ya mzazi wa mtoto mgonjwa kushauriwa "aache lugha ya nyumbani asimchanganye". Masharti ya lugha kukua ni mawili tu: mtoto asikie, na asemeshwe akajibu. Lupangoni, uani kwa nyumba, masharti hayo yanatimia bila mtu kuyapanga. Kuna yaya (kaka au dada mkubwa), kuna binamu, kuna jirani anayeomba chumvi, kuna mchuuzi anayepita na kuita bidhaa zake.

Matibabu ya saratani yanagusa masharti yote mawili. Yanaweza kuharibu usikivu, na yanamwondoa mtoto lupangoni.

Konsonanti zinazotangulia kupotea

Kuna dawa inayoitwa sisplatini. Hutumika kwa saratani za ini za watoto wadogo, za mifupa, za neva na baadhi za ubongo. Ni dawa nzuri, imeokoa wengi, lakini ina sumu kwa vinywele vidogo vilivyo ndani ya sikio, na vikifa havioti tena. Kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo hatari inavyozidi, na walio chini ya miaka mitano ndio wanaoumia zaidi. Watoto wa Burkitt na wa Wilms kwa kawaida hawapewi sisplatini. Lakini wao nao hupata homa pindi kinga ya mwili inaposhuka, na homa hiyo hutibiwa mara nyingi kwa jentamisini au amikasini, dawa ambazo nazo zinaweza kudhuru sikio zikirudiwarudiwa.

Uharibifu huo hauanzi kwa ukiziwi unaoonekana. Unaanza na sauti nyembamba za juu, kisha unateremka. Irabu zina nguvu na ziko chini, kwa hiyo mtoto anaendelea kuzisikia. Konsonanti kama s, sh, f na ch ziko juu, nazo ndizo zinazotoweka. Sasa fikiria Kiswahili, ambamo karibu kila silabi huishia kwa irabu. Mtoto ukimwita, anageuka. Ukimpigia makofi, anashtuka. Ngoma ya kanisani anaicheza. Lakini mwambie "shuka", "suka" na "fuka": kwake yote matatu yanafika kama "uka". Mwambie "sitaki" na silabi ya kwanza inabaki "i" tu. Mtoto wa miaka sita anayelijua neno atalibahatisha kutokana na habari yenyewe. Mtoto wa miaka miwili, ambaye bado hajalijua, hana cha kubahatisha nacho. Anajifunza lugha yenye matundu.

Nyumbani watasema, "Anasikiaka, njo ukaidi yake." Shuleni watasema mzito wa kuelewa. Na kwa kuwa hasemi "s", watasema ni ulimi. Wanaangalia mdomo na tatizo liko sikioni.

Jaribio dogo la nyumbani lipo, nalo halihitaji mashine. Simama nyuma ya mtoto, au funika mdomo wako kwa karatasi asikusome midomo. Kwa sauti ya chini mwombe vitu anavyovijua: sahani, chupa, kisu cha kuchezea, fimbo, pamoja na vingine kama embe na ndimu. Akikosea vile vyenye s, sh, ch na f huku akivipata vyenye m na n, apelekwe apimwe. Jaribio hilo halichukui nafasi ya kipimo cha hospitali, linatoa sababu ya kukidai. Kipimo kinachofaa hufanywa kabla ya dozi ya kwanza, katikati ya matibabu na baada ya kumaliza, maana bila kipimo cha kwanza huwezi kujua kilichopotea.

Habari njema ipo pia. Jaribio la kimataifa juu ya watoto zaidi ya 100 wenye saratani ya ini, lililochapishwa mwaka 2018, lilipima dawa ya thiosalfeti ya sodiamu, kemikali ya zamani iliyokuwa ikitumika kwa sumu ya sianidi. Ilidungwa saa sita baada ya sisplatini. Kati ya waliopewa sisplatini peke yake, asilimia 63 walipoteza usikivu kwa kiasi fulani. Waliodungwa dawa zote mbili, asilimia 33. Mwaka 2022 Marekani iliiidhinisha kwa watoto ambao saratani yao haijasambaa. Haijawa dawa ya kila hospitali ya Afrika, lakini mzazi anayejua kwamba ipo ana haki ya kuuliza.

Ubongo, jicho na mdomo

Sikio ni mlango mmoja. Ipo milango mingine.

Methotreksati, inayopigwa hata kwenye maji ya uti wa mgongo ili saratani isijifiche kichwani, inaweza kupunguza kasi ya kufikiri na umakini. Mtoto anajua jibu lakini linachelewa kutoka, na darasa lenye watoto wengi halimngoji. Dawa hiyohiyo huleta vidonda mdomoni, na mtoto mwenye vidonda mdomoni hukaa siku nyingi bila kusema neno kwa sababu kusema kunauma. Vinkristini, dawa ya karibu kila mtoto wa Wilms, wa Burkitt na wa saratani ya damu, hudhoofisha neva. Wazazi wanaona miguu inaburuzika. Mara chache hulegeza nyuzi za sauti pia, mtoto akabaki na sauti ya kukwaruza. Mionzi ya kichwani ndiyo nzito kuliko yote: kwa watoto walio chini ya miaka mitatu madaktari huikwepa kila wanapoweza, kwa kuwa akili na lugha hulipa gharama miaka mingi baadaye.

Liko tukio moja linalotisha zaidi ya yote, na wazazi wanapaswa kuonywa mapema. Mtoto anafanyiwa upasuaji wa uvimbe ulio nyuma ya ubongo, karibu na kisogo. Anaamka, pengine anasema maneno machache. Siku moja au mbili baadaye ananyamaza kabisa. Anaona, anasikia, lakini sauti haitoki. Kwa uvimbe unaoitwa meduloblastoma jambo hili hutokea kwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne. Kwa kawaida sauti hurudi baada ya siku, wiki au miezi, ikiwa nzito na ya kukokota, na mtoto huhitaji msaada wa kuipanga upya. Familia isiyoelezwa hayo itaamini kwamba mtoto amelogwa kwenye meza ya upasuaji, na atatolewa hospitalini kabla dawa haijaisha.

Kwa retinoblastoma dalili ya kwanza ni weupe unaong'aa kwenye mboni, unaoonekana hata kwenye picha ya simu. Mara nyingi jicho hutolewa ili uhai ubaki, na wakati mwingine yote mawili. Hapa lugha inaguswa kwa njia nyingine. Mtoto mdogo hujifunza jina la kitu kwa kufuata macho ya mama: wote wawili wanaangalia mbuzi, mama anasema "mbuzi". Asiyeona hana njia hiyo. Anajifunza vizuri kabisa, mradi jina liambatane na mkono: shika sufuria, hii ni sufuria, sikia inavyolia, hii imepata moto, hii imepoa. Mama anayedhani mtoto asiyeona anahitaji utulivu anamnyima chakula cha lugha bila kukusudia.

Miezi ya wodini

Mtoto wa Kolwezi anayeshukiwa kuwa na saratani njia yake ya kawaida inaelekea Lubumbashi, kupitia Fungurume na Likasi, zaidi ya kilomita 300 za barabara anazogombea na malori ya shaba na kobalti. Wengine huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia, ambako hospitali ya saratani ya Lusaka ilifunguliwa mwaka 2007. Anaongozana na mtu mmoja, mara nyingi mama. Ndugu zake wanabaki.

Angalia siku yake. Asubuhi madaktari wanapita, wanazungumza Kifaransa juu ya kichwa chake. Nesi anamgeuzia mama sentensi mbili kwa Kiswahili, na mama akimpigia simu kambo anazipunguza tena ziwe moja: "Wanasema tungoje." Mtoto mwenyewe hajaambiwa kitu. Kila anayemsogelea amevaa barakoa, kwa hiyo midomo inayomfundisha kutamka haionekani. Mama, kwa huruma, anamtangulia katika kila jambo: kikombe kinafika kabla hajaomba, blanketi linavutwa kabla hajatetemeka. Redio inaimba, simu inaonyesha katuni, na jioni inaingia bila mtoto kuulizwa swali hata moja linalohitaji jibu zaidi ya kutikisa kichwa.

Hakuna anayemtendea vibaya. Lakini mtoto asiyekuwa na haja ya kuomba hana sababu ya kusema. Na katuni, hata ya Kiswahili safi, haimngoji ajibu.

Dawa ya hali hiyo inagharimu pumzi tu. Shika chungwa mkono mmoja na ndizi mwingine, uliza, "Unataka lipi?" kisha nyamaza mpaka ajibu, hata ukihisi umengoja mno. Akisema "ungwa", usimkejeli wala usimrudishe nyuma, mwambie, "Ndiyo, chungwa. Chungwa lako hili hapa." Mweleze kila kinachotokea mwilini mwake: "Sasa nesi anafunga mpira mkononi. Itabana. Sasa sindano, itauma kidogo, hesabu na mimi." Mpigie simu yaya yake, amsimulie nani amepigana na nani huko mtaani, na mgonjwa apewe zamu ya kusimulia. Mdomo ukiwa na vidonda, chukua kipande cha katoni na mkaa, chora maji, choo, mama, maumivu na alama ya hapana. Mtoto ambaye kila mtu anamchoma ana haki ya kuwa na namna ya kusema hapana, japokuwa si kila mara itakubaliwa.

Kuna watakaosema: apone kwanza, mengine baadaye. Hoja hiyo inasahau kwamba maneno ya mtoto ni chombo cha tiba. Anayeweza kusema "kichwa kinauma hapa", "naona viwili", "mguu unawaka" anamfikisha daktari kwenye tatizo kabla ya mashine. Mtoto asiyesema huonekana ametulia, na utulivu huo unaweza kuwa maumivu. Ndiyo maana hospitali za watoto hutumia picha za nyuso sita, kuanzia inayocheka hadi inayolia, ili mtoto kuanzia miaka mitatu aguse ile inayofanana na anavyojisikia. Karatasi hiyo inatoshea mfukoni mwa nesi.

Kumwambia au kumficha

Wazazi wengi huona kumtajia mtoto ugonjwa wake ni kumwongezea. Wanazungumza pembeni, wakimwona wanabadili mada. Mwaka 1978 mwanaanthropolojia wa Marekani Myra Bluebond-Langner alichapisha kitabu juu ya watoto wenye saratani ya damu aliokaa nao hospitalini, baadhi wakiwa na miaka mitatu tu. Alikuta walijua mengi, hata yale ambayo hakuna mtu mzima aliyewaambia. Waliyasikia nyuma ya pazia, waliyasoma kwenye nyuso, waliyahesabu kwa vitanda vilivyobaki wazi. Na kwa kuwa waliwaona wazazi hawataki kuzungumza, nao walinyamaza ili kuwalinda.

Kwa mtoto wa miaka minne ukweli haulazimiki kuwa mrefu. "Ndani ya shavu lako kuna ugonjwa. Haukuja kwa sababu ulikosea. Dawa hii inaupiga, ndiyo maana unatapika. Mimi nipo." Sentensi ya pili ina uzito wa pekee kwetu, mahali ambapo uvimbe usoni unaweza kuitwa bulozi, yaani uchawi, na mtoto akaanza kuamini kwamba yeye mwenyewe ndiye chanzo.

Wapo pia wazazi wa Kolwezi wanaouliza kama migodi ndiyo imewaletea haya. Swali si la kijinga. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kile cha Leuven, uliochapishwa mwaka 2018, uliwapima wakazi wa Kasulo, mtaa ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, ukakuta watoto wana kobalti nyingi mwilini na dalili za kuharibika kwa vinasaba. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kobalti katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Hayo yanatosha kudai vumbi lipunguzwe na watoto watolewe kwenye mashimo. Hayatoshi kumwambia mama fulani kwamba uvimbe wa mwanawe umetoka shimo fulani, na mtu asimuuzie jibu hilo.

Wenzetu wamefika wapi

Shida moja kubwa ni vipimo. Majaribio mengi ya lugha ya watoto yametungwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na mtoto wa Manika au Dilala, mjini Kolwezi, anayepimwa kwa Kifaransa atashindwa hata akiwa mzima. Pwani ya Kenya wameonyesha njia. Watafiti wa Kilifi, waliokuwa wakifuatilia watoto walionusurika malaria ya ubongo, walitengeneza vipimo vinavyotokana na maisha ya huko, na Katie Alcock na wenzake wakatunga orodha za maneno ya watoto wachanga kwa Kiswahili na Kigiriama. Mzazi hahitaji kujua kusoma: anaulizwa neno moja moja kama mtoto analielewa au analisema. Orodha ya namna hiyo kwa Kiswahili cha Katanga, yenye bukari, sombe na lupango ndani yake, ni kazi ambayo wanafunzi wa isimu na wa udaktari wa Lubumbashi na Kolwezi wanaweza kuianza pamoja.

Watu wa kuitumia wanahitajika pia. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 2008 kufundisha shahada ya tiba ya lugha na matamshi, na wahitimu wake wamesambaa Afrika Mashariki. Kwetu mtaalamu wa aina hiyo, ortofonisti kama anavyoitwa kwa Kifaransa, bado ni adimu, na mtoto wa Lualaba hawezi kumngoja. Muhimbili, Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha limeingiza masomo na michezo katika huduma ya watoto wenye saratani, kwa hiyo mtoto anayetibiwa anabaki mwanafunzi na mchezaji, hageuki kuwa mgonjwa tu. Na madaktari wa watoto wa nchi zinazotumia Kifaransa, Kongo ikiwemo, wana kundi lao la ushirikiano na wenzao wa Ufaransa tangu mwaka 2000, ambalo limejenga ujuzi wa kutibu Burkitt na Wilms kwa mazingira yetu. Kundi kama hilo ndilo la kuombwa liongeze mistari miwili kwenye fomu zake: kipimo cha masikio, na maneno ya mtoto kwa lugha ya nyumbani kwao.

Mwalimu wa shule ya msingi naye ana sehemu yake. Mtoto anayerudi darasani baada ya matibabu akae mbele, amwone mwalimu usoni, apewe muda wa kujibu, na akionekana "mkaidi" apelekwe kupimwa masikio kabla ya kuchapwa.

Mzazi anayejiandaa kupanda basi la Lubumbashi ana mambo mengi ya kukumbuka: karatasi za rufaa, nauli, chakula, mtu wa kubaki na watoto wengine. Aongeze maswali matatu ya kumuuliza daktari kabla ya dozi ya kwanza. Je, kati ya dawa hizi ipo inayodhuru masikio? Yatapimwa lini, na wapi? Na asipoanza tena kusema kama zamani, nimrudishe baada ya muda gani? Ayaandike nyuma ya karatasi ya rufaa kwa Kiswahili, na asiondoke chumbani mpaka yote matatu yamejibiwa kwa Kiswahili.